Duara la milima jangwani na duara la vilima Uvinza: je, mna madini adimu?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikoba cha kina mama wilayani Uvinza, mkoa wa Kigoma. Mwezi uliopita alikuja kijana anayejiita mtafiti wa madini. Alituonyesha kwenye simu picha ya satelaiti ya milima ya duara iliyo jangwani Libya, inaitwa Arkenu. Akasema ile ni miamba ya alkali, na kwamba madini adimu hukaa kwenye maduara kama yale. Halafu akatuonyesha kijiji chetu kwenye ramani ya simu, na kweli vilima vya nyuma ya shule vimejipinda kama duara, ila upande mmoja uko wazi, kule kijito kinakotokea. Akachukua jiwe la pale akalimwagia maji ya betri, likatoa povu. Akapitisha sumaku kwenye mchanga wa kijito, ikanasa mchanga mweusi. Anataka kila mwanachama achangie shilingi 200,000 ili akate leseni kwa niaba yetu. Mzee mmoja anasema pale ilianguka nyota zamani. Mwingine anasema ni mdomo wa volkano iliyolala, tukichimba tutaiamsha. Vikao vimegeuka ugomvi. Tushike lipi?"*

Marahaba, katibu. Umenieleza alichosema huyo kijana na alichofanya pia, na hilo linanisaidia sana. Nianze na la pesa, maana ndilo linalowagombanisha: kwa sasa msichange. Picha ya Arkenu ni ya kweli, na aliyowaambia kuhusu miamba ya kule yana ukweli mwingi. Ila alitoka Libya akatua Uvinza bila kupita popote katikati. Umbo la duara, povu na mchanga mweusi, vyote vitatu vinaweza kupatikana Kigoma pasipo jiwe hata moja la alkali.

Arkenu iko kusini-mashariki mwa Libya, karibu na pale mipaka ya Libya, Misri na Sudan inapokutana. Ahmed Hassanein, msafiri wa Kimisri, alifika huko na msafara wa ngamia mwaka 1923, akauingiza mlima huo kwenye ramani pamoja na jirani yake Uweinat. Kilele cha Arkenu kina mita 1,435, cha Uweinat mita 1,934. Ukiutazama kutoka angani unaona maduara kadhaa ya mwamba mgumu yaliyopandana, na mchanga umeyazunguka pande zote.

Ili uelewe maduara hayo yalivyotokea, inabidi tushuke chini kabisa. Chini ya gamba la dunia kuna tabaka nene la mwamba wa moto sana liitwalo manteli. Kwa kawaida ni mwamba mgumu, lakini gamba la juu likivutwa, au joto kutoka chini likiongezeka, sehemu yake huyeyuka ikawa uji wa moto uitwao magma. Kiasi kinachoyeyuka ndicho kinachoamua aina ya mwamba utakaozaliwa. Ikiyeyuka sehemu kubwa, hutoka magma ya kawaida, ile inayozaa mawe meusi ya volkano. Zikiyeyuka asilimia chache tu, uji huo wa kwanza hubeba sodiamu na potasiamu kwa wingi, gesi ya kaboni, na zile elementi zisizopata nafasi ndani ya fuwele za kawaida: niobiamu, zirkoni na elementi za madini adimu. Hiyo ndiyo magma ya alkali. Mara nyingi silika yake haitoshi kulinganisha na sodiamu iliyomo, hivyo ikipoa inatengeneza madini kama nefelini mahali ambapo graniti ya kawaida ingetengeneza kwatzi. Ndugu yake wa mbali zaidi ni kabonataiti, mwamba wa moto ambao sehemu yake kubwa ni kaboneti, jamii moja na chokaa. Sisi Watanzania tuna bahati ya kuwa na Oldoinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Kwa hiyo kijana wenu hakosei anaposema kwamba miamba ya alkali huweza kubeba madini adimu. Hiyo ni kemia, na imethibitishwa mahali pengi. Duara lenyewe lina asili nyingine kabisa.

Magma ikishapanda hukusanyika kwenye chemba, kilomita chache chini ya ardhi. Ikisukuma juu, mwamba ulioifunika hupasuka kwa nyufa zenye umbo la koni, na magma hujipenyeza humo. Baadaye msukumo ukipungua, labda kwa sababu volkano imelipuka na chemba imepungukiwa, pande kubwa la mwamba wa juu hukosa kitu cha kuliegemeza, likakatika kwa mzunguko na kuzama. Chukua mfuniko mdogo kuliko mdomo wa sufuria, uuweke juu ya uji mzito kisha uukandamize: uji utapanda pembeni, kuuzunguka mfuniko. Magma hufanya hivyohivyo. Hupanda kwenye ufa wa mzunguko, ikapoa humo na kubaki ukuta wa mawe wenye umbo la pete. Kituo cha magma kikihama kidogo na mambo yakajirudia, pete ya pili huikata ya kwanza. Ndiyo sababu maduara ya Arkenu yamepandana.

Ukizingatia maelezo hayo, hakuna mahali yanapohitaji alkali. Magma ya aina yoyote iliyokaa karibu na uso wa dunia inaweza kuzamisha paa lake. Wanajiolojia watatu, Clough, Maufe na Bailey, walieleza jambo hili mwaka 1909 kwa kuchunguza bonde la Glen Coe kule Uskoti, na volkano ya Glen Coe si ya alkali. Duara linakuonyesha jinsi mwamba ulivyovunjika. Kilichomo ndani ya mwamba, duara halikuonyeshi.

Jangwa nalo lina kazi yake katika picha ile, ila ni kazi ya mwisho. Halikuzaa duara. Volkano iliyokuwa juu ililiwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka hadi mizizi yake ikatokeza. Leo hakuna udongo mnene wala miti ya kuificha, ndiyo maana kamera ya satelaiti inaiona wazi hivyo. Duara la namna hiyo lingekuwa Kigoma, lingefunikwa na miombo na udongo mwekundu, na huenda ungelipita kila siku ukienda shambani bila kulitambua.

Namibia ina mifano mizuri kuliko Arkenu, kwa maoni yangu, kwa sababu imechunguzwa sana. Mlima Brandberg, wenye mita 2,573, ni mzizi wa graniti uliopanda miaka milioni 130 hivi iliyopita, Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa zinaachana. Jirani yake Messum ni duara la kilomita karibu 20, na katikati yake kuna mwamba wa nefelini. Ni majirani wa umri mmoja, katika jangwa moja, na wote wawili ni mviringo, lakini kemia yao haifanani. Ukitoka huko ukaenda Niger na Nigeria unakuta mlolongo mrefu wa maduara, yaliyo kaskazini yakiwa ya zamani na ya kusini yakiwa ya karibuni zaidi, hadi nyanda za juu za Jos. Jos ilichimbwa bati na kolambaiti (madini yenye niobiamu) kwa miaka mingi, kwa hiyo sisemi kwamba duara haliwezi kuwa na mali. Lakini hata kule, bati lilifuata aina fulani ya graniti na changarawe za mito inayotoka humo. Maduara mengine ya mlolongo uleule hayakutoa kitu.

Sasa nije kwa wazee, maana nao wana haki ya kujibiwa. Wazo la nyota kuanguka si la kijinga. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba maduara mawili mengine ya jangwa lilelile la Libya ni alama za vimondo, kwa kutazama picha za rada. Waliofuata na kuyachunguza mawe yenyewe walikuta kwamba magma ndiyo iliyojipenyeza pale. Ile Jicho la Sahara ya Mauritania, Richat, duara la kilomita 40 hivi ambalo wanaanga wa Gemini 4 walilipiga picha mwaka 1965, nayo ilidhaniwa ni ya kimondo. Ilisemwa hata kwamba imepatikana koesaiti, madini yanayozaliwa na mgongano mkubwa, ikaja kuonekana kwamba ilikuwa ni baraiti, madini yasiyohitaji mgongano wowote. Kimondo kikubwa kinachochimba shimo huacha kwatzi iliyopasuka kwa namna ya pekee na mawe yenye mistari ya koni, na hayo yasipoonekana hakuna kesi. Tena kimondo tunachokijua sote, kile cha Mbozi kule Songwe, chenye uzito unaokadiriwa tani 12 hadi 16, hakikuacha duara lolote.

Kwa mzee wa volkano nasema hivi: hata kama lingekuwa ni duara la magma, kinachoonekana leo ni mzizi uliopoa zamani mno. Jembe wala sululu haziwezi kuuamsha. Mitetemeko ya Kigoma mnaifahamu, ule wa tarehe 5 Desemba 2005 wenye ukubwa wa 6.8 uliwatoa watu majumbani. Hiyo hutokana na Bonde la Ufa kuendelea kutanuka chini ya Ziwa Tanganyika, na vilima vya nyuma ya shule havihusiki.

Richat inatufaa kwa jambo lingine, nalo linawahusu ninyi moja kwa moja. Pete kubwa zinazoonekana pale kwa sehemu kubwa ni miamba ya tabaka, mchanga wa kale uliogeuka jiwe. Magma ya alkali iko chini yake, na imetokeza hapa na pale kwa mishipa myembamba. Ilichofanya ni kuyanyanyua matabaka yakavimba katikati. Mvua na upepo vikalikata lile vimbe, matabaka magumu yakasimama kama matuta ya mzunguko na yale laini yakawa mabonde. Na matabaka yanaweza kuvimba au kubonyea kwa sababu nyingine nyingi, bila magma yoyote. Gamba likisukumwa kutoka pembeni linatosha.

Uvinza na sehemu kubwa ya Kigoma imekaa juu ya matabaka ya namna hiyo: mawe ya mchanga, mawe ya udongo, chokaa yenye magnesi kama ile ya Ilagala, na lava za Gagwe ambazo umri wake ni karibu miaka milioni 800. Matabaka haya yameinama na kujikunja mahali pengi, na mito imeyakata. Sijafika kwenye vilima vyenu, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mwezi mpevu wa vilima wenye upande mmoja wazi, na kijito kinatokea hapohapo, ndiyo sura ninayoitarajia kwenye matabaka yaliyoinama yakakatwa na maji. Kama mngekuwa Tabora ningefikiria kwanza graniti, maana mawe makubwa ya kule nayo hupasuka kwa mikunjo na kuacha vilima vya mviringo.

Mnaweza kuanza kuchunguza wenyewe, na wala haihitaji fedha. Pandeni vilima vile pande tatu au nne. Angalieni kama jiwe limepangika kwa matabaka, na matabaka yameinamia wapi. Yakiinamia nje pande zote, mko kwenye vimbe lililokatwa. Yakiinamia ndani, mko kwenye bakuli. Kisha vunjeni jiwe mtazame uso mpya kwenye jua: mkiona chembe za mchanga zilizogandana, au jiwe laini lenye mistari, hilo ni la tabaka. Mwamba wa magma iliyopoa polepole una fuwele zilizobanana pembe kwa pembe, hazina mpangilio wa tabaka.

Povu lile ndilo lililonisikitisha, kwa sababu ni jaribio halali lililotumiwa kuthibitisha lisichoweza kuthibitisha. Asidi hutoa povu inapokutana na kaboneti. Kabonataiti ina kaboneti, ni kweli. Chokaa nayo ni kaboneti tupu. Jiwe la chokaa linalochomwa kule Makere, Kasulu, litatoa povu mbele ya kijana huyo kwa fujo zaidi. Chokaa yenye magnesi hutoa povu hafifu mpaka uisage. Kwa hiyo povu limewaambia kwamba jiwe lina kaboneti, basi. Kutofautisha kabonataiti na chokaa kunahitaji kuangalia mambo mengi kwa pamoja: miamba ya jirani iliyobadilishwa na sodiamu, madini kama apataiti, magnetaiti na pairokloro, halafu vipimo vya maabara vya niobiamu, stronshiamu na madini adimu. Na tafadhali acheni kabisa maji ya betri. Ni asidi ya salfuriki, hupofusha macho na kuunguza ngozi. Watoto wakiliona jaribio hilo, watataka kulijaribu.

Mchanga mweusi unaonaswa na sumaku kwa kawaida ni magnetaiti, madini ya chuma. Lava za Gagwe zina magnetaiti, na karibu kila kijito kinachoshuka kwenye mawe meusi huikusanya. Ungekuta jambo hilohilo kwenye mito mingi ya Kigoma.

Hata hivyo nisiwafanye mwone kwamba wazo la alkali ni ndoto tupu katika ukanda wetu. Kusini yenu, mkoani Katavi, pembeni mwa ziwa, kuna kabonataiti ya Sangu-Ikola. Ng'ambo ya mpaka, Burundi ina miamba ya alkali ya Ruvubu ya Juu, na Gakara imewahi kuchimbwa madini adimu. Mbeya kuna Panda Hill yenye niobiamu, Songwe kuna Ngualla. Zote hizo zimo kwenye ramani za kijiolojia, zimetembelewa, zimetobolewa na kupimwa. Hapo ndipo pa kuanzia, kuuliza ramani ya eneo lenu inasema nini.

Na tuseme mna bahati ya ajabu, ramani na maabara vikasema ni kabonataiti kweli. Bado shilingi 200,000 zenu zisingewafikisha mbali. Dhahabu mchimbaji mdogo anaweza kuichimba, kuisafisha na kuiuza sokoni siku hiyohiyo. Niobiamu na madini adimu hayako hivyo. Yamejificha ndani ya madini mengine, huhitaji kusagwa na kuchenjuliwa kwa kemikali nyingi, mara nyingi huandamana na thoriamu au urani, na mnunuzi wa kiroba kimoja hayupo. Niobiamu ya Panda Hill ilijulikana tangu miaka ya 1950, na miongo ikapita bila mgodi kusimama. Kikundi chenye ardhi yenye amana ya namna hiyo hunufaika kwa kuwa na haki zake zimeandikwa vizuri kabla kampuni haijafika. Kununua sululu mapema hakuwasaidii.

Leseni nayo ieleweni ilivyo. Leseni ya uchimbaji mdogo, ile PML, hutolewa kwa Watanzania, na ni ruhusa ya kuchimba mahali fulani. Haithibitishi kwamba kuna kitu chini. Mkitaka kuomba, ombeni kwa jina la kikundi chenu kilichosajiliwa. "Kwa niaba yenu" maana yake jina litakaloandikwa ni la mwingine. Ulizeni pia serikali ya kijiji ardhi ile ni ya nani, na kama iko ndani ya hifadhi ya msitu, kwa sababu leseni haiondoi haki ya mwenye ardhi.

Njia ninayoiona kuwa ya busara ni ndogo na ya taratibu. Chukueni mawe sita au saba ya ukubwa wa ngumi, mkiyavunja kutoka kwenye mwamba uliosimama, siyo ya kuokota chini. Kila moja lifungeni peke yake, mwandike lilikotoka, na msome kwenye simu namba za mahali hapo. Msiyasage ndani ya nyumba, vumbi la mawe huharibu mapafu. Kisha wajumbe wawili waende ofisi ya Afisa Madini Mkazi mjini Kigoma wakiwa na mawe hayo. Waombe kuelezwa mambo mawili: ramani ya kijiolojia ya eneo lenu inaonyesha mwamba gani, na kama pale pana leseni au ombi la mtu tayari. Ikibidi kupima, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ina maabara, na ofisi itawaelekeza namna ya kutuma na gharama zake. Nauli ya watu wawili na kipimo cha mawe machache haviwezi kukaribia jumla ya michango aliyowaomba.

Kuna jibu moja ambalo lingenifurahisha, nalo ni kwamba ni chokaa tu. Udongo wa sehemu nyingi za Kigoma una asidi, na chokaa iliyosagwa husaidia mahindi na maharage. Inahitaji mashine ya kusaga na soko la uhakika, kwa hiyo pigeni hesabu kwanza. Chokaa ya kuchoma sitawashauri haraka, tanuri zake hula miti kuliko mnavyodhani.

Kijana huyo mwiteni kwenye kikao, kwa heshima, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mwombeni jina lake kamili, namba ya leseni yoyote aliyonayo, na matokeo ya maabara yenye jina la maabara na mahali sampuli ilipochukuliwa. Kama anavyo, vipelekeni kwa Afisa Madini vikahakikiwe. Kama hana, na bado anasisitiza pesa zitoke wiki hii, toeni taarifa polisi kabla hajahamia kikoba kingine.